Silaha za Mungu (Waefeso 6): tunazivaa kila asubuhi au tulishazivaa?

#1 Mwanafunzi_Cheyo
Bwana asifiwe wapendwa. Naenda moja kwa moja. Kwenye vikundi vingi vya maombi hapa Tabora mjini watu wanaanza siku kwa kutamka: "Navaa chapeo ya wokovu, navaa dirii ya haki..." mpaka kipande cha sita (chapeo ni kofia ya vita, dirii ni vazi la vita la kiwiliwili), wengine wakipitisha mkono kichwani, kifuani, kiunoni. Hoja yangu ni kwamba Waefeso 6 haifundishi hivyo. Mstari wa 14 unasema "hali mmejifunga", yaani tendo limeshafanyika. Na kama wokovu unavaliwa saa kumi na moja alfajiri, saa kumi ulikuwa umetundikwa wapi? Naomba wanaojua waje na maandiko, na waeleze inavyokuwa sokoni, shambani na nyumbani. "Barikiwa mtumishi" peke yake haitoshi.

#2 Mama_Ipuli
Amina. Mwanangu, turekebishe mpangilio kwanza. Wanaotamka huanzia kichwani, Paulo anaanzia kiunoni: mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo, upanga. Mtu wa zamani alivaa vazi refu. Akitaka kufanya kazi au kupigana analipandisha na kulibana kiunoni, la sivyo anajikwaa kwenye nguo yake mwenyewe kabla adui hajafika. Ndiyo maana kweli imetangulia. Mwongo naye hujikwaa kwenye maneno yake: leo kamwambia mume hivi, kesho kamwambia wifi vile, keshokutwa kazi yote ni kukumbuka nani aliambiwa nini.

#3 Kaliua_Shambani
Naunga mkono #2. Huku kwetu kweli inapimwa kwenye mtumba wa tumbaku. Wapo wanaopanga majani mazuri juu na chini, katikati wanaficha ya daraja la chini. Wengine wananyunyizia maji usiku wa kuamkia soko ili kilo zipande. Mteuzi, yaani mpanga madaraja wa sokoni, akichomoa jani la katikati, mtumba unarudishwa. Na usiponaswa siku hiyo, unyevu ule unazaa ukungu, ukungu unahamia mitumba ya jirani ghalani, na aibu inakuwa ya chama kizima cha msingi cha ushirika. Kwa hiyo mkulima Mkristo anajifunga kweli akiwa banda la kuchambulia: anachambua madaraja mchana kwenye mwanga, anafunga jani likiwa laini bila kuvunjika wala kulowa, na akikuta limekosewa analitoa hata kama mtumba umeshashonwa.

#4 Nuru_Kiloleni
#3 umegonga penyewe. Ila msiwadharau wanaotamka. Dereva wa lori kabla ya kutoka hapa kwenda Itigi anazunguka gari akigonga matairi moja moja. Hajasema gari lilikuwa halina matairi usiku, anakagua tu. Kutamka kipande kwa kipande ni ukaguzi, maana binadamu husahau.

#5 Kaliua_Shambani
Nakubali mfano wa #4, ila umalizie. Dereva akigonga tairi akasikia limelegea, haondoki mpaka lijazwe upepo. Mtu akitamka "navaa dirii ya haki" akakumbuka kibarua aliyempalilia hajalipwa wiki ya tatu, je, anatoka kwenda kumlipa, au anarukia chapeo? Hapo ndipo ukaguzi unapogeuka wimbo.

#6 Mwalimu_wa_Kiyunani
Salaam wote. Tuangalie lugha, maana mtoa mada amegusa jambo la kweli ila nusu.

Mstari wa 14 na 15 una vitenzi vitatu vya hali iliyotangulia: mkiwa mmejifunga, mmevaa, mmefungiwa viatu. Vyote vinaning'inia kwenye amri moja, "simameni". Mstari wa 16 nao ni ngao ya kutwaa, na mstari wa 17 unaleta amri mpya, "ipokeeni". Hivyo wapo wanaogawa hivi: vitatu vya kwanza askari anashinda navyo mwilini hata akiwa kambini, vitatu vya mwisho anavitwaa hatari inapokaribia. Hapo #1 yuko sawa.

Lakini mstari wa 11 ni amri, "Vaeni", na wanaoambiwa tayari ni waamini. Huwezi kumwamuru mtu avae alichokwisha kuvaa kama hakuna namna yoyote ya kukivua. Hapo #4 ana hoja.

Jambo la tatu hamjaligusa. "Vaeni" ni wingi. Kiswahili kinalionyesha wazi, kumbe sisi tunalisoma kama "vaa" na kila mtu kujifungia chumbani kwake. Na kwenye mstari wa 11, "kuzipinga hila" kwa Kiyunani ni "kusimama mbele ya hila". Ukilihesabu hilo, wazo la kusimama limerudi mara nne kati ya mstari wa 11 na 14. Hakuna panaposema shambulieni.

#7 Mrina_Asali_Sikonge
Nimeweka kambi hapa tangu #1. Wapendwa, neno ninaloliona mimi ni "zote". Silaha ZOTE. Twendeni porini.

Vazi la kurina asali lina ovaroli ya rangi nyepesi (nguo nyeusi na yenye manyoya humchokoza nyuki), kofia ya ukingo mpana yenye wavu, glovu ndefu hadi kiwiko, na buti. Ukimwona mtu amevaa vyote unasema yuko salama. Angalia maungio sasa. Nyuki akitua kwenye nguo hupanda kwenda juu. Mguu wa suruali ukiwa juu ya buti bila kufungwa, anaingia chini na kupandia ndani. Dawa yake ni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, unakaza kila kifundo na kila mkono wa glovu. Sehemu nyingine ni shingoni, pale zipu ya wavu inapokutana na ya ovaroli. Ikibaki tundu la upana wa kidole, hilo moja linatosha.

Na nyuki mmoja akichoma anaacha harufu, kama ya ndizi mbivu hivi. Harufu hiyo inawaita wenzake waje kuchoma palepale. Anayejua kazi hakimbii wala hapigi mikono hewani, maana yuko juu ya mti. Anachukua bomba la moshi, anapuliza mahali alipochomwa ili harufu ife, ndipo anaendelea.

Dhambi ina tabia hiyo. Uongo mdogo wa Jumatatu unauita wa Jumanne kuja kuutetea. Ukipuliza moshi mapema, yaani ukatubu na kumwambia mhusika siku hiyohiyo, kundi haliji.

#8 Kijana_Gongoni
#7 hayo ndiyo madini yenyewe. Swali kwa wajuzi: inahubiriwa sana kwamba Paulo hakutaja silaha ya mgongoni, kwa hiyo ukimgeuzia adui mgongo umekwisha. Ni kweli kihistoria?

#9 Msoma_Historia
Si kweli kwa namna inavyohubiriwa. Neno alilotumia Paulo kwa dirii ni la vazi la kifua na mgongo pamoja. Vazi la pete za chuma la askari wa Kirumi lilimzunguka mwili mzima, lilikuwa na uzito wa kilo kumi hivi. Polybius, mwanahistoria wa Kiyunani aliyeandika kama miaka 200 kabla ya waraka huu, anaeleza kwamba askari wa kawaida walivaa kibamba cha shaba cha shubiri moja kila upande mbele ya moyo, na wenye mali ndio waliovaa vazi hilo la pete. Kwa hicho kibamba, ndiyo, mgongo ulikuwa wazi. Kwa hiyo mhubiri achague: anazungumzia askari maskini wa Polybius au askari wa zama za Paulo?

Nimrekebishe Mama #2 kwa heshima. Kubana vazi kiunoni ni sahihi, lakini mkanda wa kijeshi ulifungwa JUU ya vazi la pete. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuhamisha uzito kutoka mabegani kwenda nyongani. Asiyekaza mkanda anachoka mabega nusu ya safari. Hivyo mpangilio wa Paulo haulingani kabisa na mpangilio wa kuvaa.

Ngao: aliyoitaja ni ile kubwa, na jina lake la Kiyunani linatokana na neno mlango. Polybius anaipa upana wa futi mbili na nusu na urefu wa futi nne. Mbao zimeunganishwa kwa gundi tabaka mbili, juu yake turubai, kisha ngozi ya ndama, na kingo za juu na chini zina chuma ili zisipasuliwe na upanga wala kuliwa na ardhi zinapowekwa chini. Ngao moja ya namna hiyo, ya karne ya tatu, ilifukuliwa Dura-Europos huko Siria na sasa iko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Ina urefu wa zaidi ya mita moja.

#10 Mama_Ipuli
Asante mwanangu #9, nimepokea la mkanda. Kumbe linanisaidia zaidi: kweli inabeba uzito wa haki. Mtu anayetenda haki huku anaficha jambo huchoka upesi. Na ile habari kwamba walilowesha ngao maji ili mishale ya moto izimike?

#11 Msoma_Historia
Kulowesha ngozi ili kuzuia moto kulijulikana kwenye kuta na mitambo ya kuzingira miji. Kwamba kila askari alilowesha ngao yake kabla ya vita, hapo wahubiri wameongeza chumvi. Lakini Livy, mwanahistoria wa Kirumi, akieleza kuzingirwa kwa mji wa Saguntum huko Hispania mwaka 219 KK, anataja mkuki uliofungwa kitani na lami ukawashwa. Anasema hata uliponasa kwenye ngao bila kugusa mwili ulitisha, kwa sababu askari alilazimika kuitupa ngao inayowaka, ndipo silaha za kawaida zilizofuata zikampata akiwa wazi.

Nadhani hiyo ndiyo hila ya mstari wa 16. Mshale wa moto unataka UITUPE ngao. Mtu anapata msiba, halafu katikati ya msiba linakuja wazo: "Mungu mwenyewe ndiye aliyekuacha." Msiba haujamuua. Akiiacha imani kwa sababu ya moto ule, majaribu madogomadogo ya mwezi unaofuata ndiyo yanammaliza.

#12 Mtumishi_Urambo
Mnahangaika na Warumi wakati Paulo ananukuu Isaya. Isaya 59:17, BWANA mwenyewe anajivika haki kama dirii na chapeo ya wokovu. Isaya 11:5, haki na uaminifu ni mshipi wa Masihi. Isaya 52:7, miguu ya aletaye habari njema. Mwanzo 15:1, Mungu anamwambia Abramu "mimi ni ngao yako". "Silaha za Mungu" maana yake ni zile anazovaa Mungu, anatuvika za kwake. Hakuna sababu ya kwenda kuchimbua Siria.

#13 Kijana_Gongoni
Lakini mtumishi, Efe 6:20 Paulo yuko kwenye minyororo, na Matendo 28:16 ana askari anayemlinda. Kitu kiko mbele ya macho yake kutwa!

#14 Mtumishi_Urambo
Na huyo askari alikuwa na mkuki. Mbona Paulo hakuutaja? Hakutaja na kinga za miguu, ambazo Polybius wa #9 anazo kwenye orodha yake. Kwa sababu Isaya hana.

#15 Msoma_Historia
Na ngao ya aina ya mlango Isaya 59 haina, mtumishi. Wala upanga. Sioni sababu ya kumpangia Paulo chanzo kimoja.

#16 Mwinjilisti_Nzega
Naleta jambo zito zaidi. Efeso ulikuwa mji wa uganga. Kulikuwa na maneno maarufu yaliyoitwa "herufi za Efeso", yakitamkwa au kuvaliwa kama hirizi ya kinga. Matendo 19:19 walioamini walichoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Na kabla yake, 19:13-16, wana wa Skewa walitumia jina la Yesu kama fomula, wakatoka mbio uchi na majeraha.

Watu wa namna hiyo ndio wanaoambiwa: kinga yenu ni kweli, haki, amani, imani. Nchi yetu nayo inajua: 1905 hadi 1907 kule kusini watu waliamini maji yatageuza risasi. Mtu wa Tabora anayetamka vipande sita asubuhi huku akiamini akiruka kimoja ajali itampata barabarani, ameifanya Biblia kuwa hirizi. Namwona sawa na aliyefunga kitambaa mkononi.

#17 Mwalimu_wa_Kiyunani
#16, hoja nzito. Rekebisho dogo: maneno "walioko Efeso" katika 1:1 hayamo kwenye baadhi ya nakala za kale kabisa. Wengi wanadhani ulikuwa waraka wa kuzungushwa makanisani. Uganga ulienea eneo lote lile, kwa hiyo hoja yako haifi, ila usiibebeshe jina la mji peke yake.

#18 Nuru_Kiloleni
#16 umekuwa mkali mno. Mama mjane anayetamka zile silaha kwa machozi saa kumi na moja humjui moyo wake. Zaburi pia tunazitamka. Tofauti ya sala na hirizi haiko kwenye kutamka. Iko hapa: ukiisahau siku moja, unaogopa au unamshukuru Mungu aliyekulinda bila hiyo?

#19 Mwinjilisti_Nzega
Kipimo hicho nakipokea.

#20 Kijiwe_cha_Stesheni
Chapeo jamani. Ni neno la Kireno, kofia tu. Pale stesheni bodaboda wanazo kofia ngumu, na nyingi zinaning'inia kwenye usukani mpaka waone trafiki. Wengine wanaivaa bila kufunga kamba ya kidevu, pikipiki ikianguka kofia inatangulia, kichwa kinafuata peke yake. Chapeo ya Kirumi nayo ilikuwa na vibamba vya mashavu na kamba chini ya kidevu. 1 Wathesalonike 5:8 inaiita "tumaini la wokovu". Tumaini lisilofungwa ni lile la Jumapili, Jumatano mtu kapokea matokeo mabaya ya hospitali na halipo tena. Linafungwa kwa kurudia ahadi zile siku ambazo hakuna shida.

#21 Mwalimu_wa_Kiyunani
Umeleta 1 Thes 5:8, basi tazameni: pale dirii ni ya imani na upendo, siyo ya haki. Paulo mwenyewe amebadilisha. Kwa hiyo tusijenge fundisho zima juu ya kwa nini haki ni lazima iwe kifuani.

#22 Mama_Ipuli
Upanga je? Msiseme "soma Neno", semeni namna.

#23 Mtumishi_Urambo
Upanga wa mstari wa 17 ni ule mfupi, wa karibu. Na "neno" pale ni neno lililosemwa, linalohusu jambo lililo mbele yako. Mathayo 4 Yesu anajibu mara tatu, yote kutoka Kumbukumbu: 8:3, 6:16, 6:13. Kila jibu ni la jaribu lake.

Namna: chagua udhaifu mmoja, siyo kumi. Hasira, chukua Yakobo 1:19-20. Hofu, 2 Timotheo 1:7. Tamaa ya fedha, Waebrania 13:5. Soma mistari mitano kabla na mitano baada ili ujue nani anaambiwa nini. Uandike kwa mkono, usome kwa sauti mara tano. Rudia siku ya tatu, ya saba, ya ishirini na moja, bila kutazama. Kinachoharibu ni kukariri kipande. Hata Shetani alinukuu Zaburi 91:11 akaacha "katika njia zako zote". Kuruka kutoka kinarani hakukuwa njia ya Yesu.

#24 Msoma_Historia
Viatu vimesahauliwa. Vya askari vilikuwa na misumari chini, vinashika vizuri kwenye udongo. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasimulia juu ya Juliano, akida aliyepigana hekaluni Yerusalemu mwaka 70, shujaa kabisa. Alikimbia juu ya sakafu ya mawe laini, misumari ikateleza, akaanguka, wakamzunguka wakamuua. Kiatu kilekile kilichomsaidia nje kilimwangusha ndani. Anayeshinda mabishano ya injili mtaani kwa sauti kubwa asije na misumari hiyohiyo sebuleni kwa mkewe. Ni injili ya AMANI.

#25 Kaliua_Shambani
Hapo kwenye viatu Biblia zetu hazilingani. Ile ya Muungano inasema "utayari tupatao kwa Injili", yaani injili ndiyo inanipa msimamo. Habari Njema inaelekeza kwenye hamu ya kuitangaza. Kusimama au kwenda?

#26 Mwalimu_wa_Kiyunani
Kiyunani kinaruhusu zote mbili. Mimi naegemea kusimama, kwa sababu ya zile "simama" nne.

#27 Mtumishi_Urambo
Mimi kwenda, kwa sababu ya Isaya 52:7.

#28 Kijana_Gongoni
Na maombi ya mstari wa 18 ndiyo ule mkuki uliokosekana #14?

#29 Nuru_Kiloleni
Wengi wanahubiri hivyo, kwamba yanarushwa mbali. Ila "mkisali kila wakati" pale haipewi jina la silaha. Ni namna ya kusimama na hizo sita. Na ni kwa "watakatifu wote", tunarudi kwenye wingi wa #6. Ngao ya futi mbili na nusu inakukinga wewe, na mkisogeleana inaziba ubavu wa jirani. Kikundi kiwe na daftari: jina, haja, tarehe, na nani amekwenda kumwona. Bila safu ya mwisho, daftari linajaa tu.

#30 Kijiwe_cha_Stesheni
Mkisema ngao, huku stesheni wanaelewa Ngao ya Jamii. Simba na Yanga waje watuambie nani anaizima mishale 😄

#31 Mama_Ipuli
Wewe wa #30 ndiyo maana chapeo yako iko kwenye usukani! Turudi.

#32 Mwanafunzi_Cheyo
Asanteni wote. #4 na #5 mmenisogeza: nitaacha kusema kutamka ni kosa, ila la kibarua asiyelipwa siliachi. Swali la mwisho kwa #7: huo wavu wa kofia, kwa nini watu wanachomwa usoni na wamevaa?

#33 Mrina_Asali_Sikonge
Kwa sababu wavu umegusa ngozi. Mwiba wa nyuki unapita kwenye wavu. Kofia lazima iwe na ukingo mpana na mgumu ili wavu ukae mbali na uso, nafasi ya vidole vinne hivi, hata ukiinama. Watu wananunua wavu mzuri, wanauvaa juu ya kofia laini ya kitambaa. Wakitazama mbele uko sawa. Wakiinamia mzinga unalala puani, na kuinama ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo ujaribu nyumbani: vaa, inama hadi kidevu kiguse kifua, mtu mwingine akutazame. Wewe mwenyewe ukiwa ndani huwezi kuuona ulipogusa.